Kumchekesha Msomaji Hadi Anyamaze

Hadithi yangu fupi ya kwanza ya kuchekesha iliharibika kwa sababu niliicheka mwenyewe kabla ya msomaji. Ilihusu msiba. Mzee Kombo anaumwa, anazunguka mtaa mzima kukopa shilingi 30,000 za dawa, anakosa, anafariki. Kwenye matanga, michango inafika 950,000. Nikaandika: "Wanafiki hawa walimnyima dawa, leo wanamlia pilau!" Rafiki aliyenisomea akanirudishia karatasi akauliza, "Sasa mimi umeniachia nini?"

Tangu siku hiyo naanza na hesabu. Kinaya, yaani mambo kwenda kinyume na yanavyotarajiwa, hukaa kati ya vitu viwili visivyopatana, na hapa ni hizo namba mbili. Ziweke zote, ila zitenganishe. Dawa itajwe ukurasa wa kwanza, kwa kupita tu, na michango ije mwishoni. Kutoa na kujumlisha mwachie msomaji.

Halafu chagua nani asimulie. Mimi nilimkabidhi hadithi mweka hazina wa kamati, mtu mwema anayejivunia daftari lake:

"Marehemu alikuwa na bahati. Mchele tulipata wa Mbeya, mbuzi wawili, na turubai halikuvuja. Nyama ilibaki, hata mjane tukampelekea bakuli."

Anasifu kwa moyo safi kabisa, na ndiyo maana neno "bahati" linauma. Angekuwa mjanja anayemkonyeza msomaji, ingekuwa kejeli. Kejeli nayo ina kazi yake, lakini msomaji huwacheka wengine tu. Kwa huyu mweka hazina, msomaji anakumbuka kwamba naye alichanga msiba fulani.

Abunuwasi alilijua hili zamani. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria, "imezaa." Jirani anapokea. Anaazima tena, safari hii anasema imekufa. Jirani anafoka: sufuria inakufaje? Abunuwasi anamjibu: kama ilizaa, mbona isife? Hakuna mahali jirani anapoambiwa kwamba ana tamaa. Alishajifunga mwenyewe alipopokea kisufuria.

Majina ya majazi, yale yanayotaja tabia ya mhusika, yapunguze. Ukimwita mweka hazina Bwana Mnafiki, umemrahisishia kazi mtahiniwa na umeiua hadithi.

Kilichonisumbua zaidi ni kipimo cha kicheko. Nilikuwa na mpishi aliyeunguza ndevu akipuliza kuni, kila niliyemsomea alicheka. Ila mzaha huo ulikaa mistari miwili tu kabla ya michango kutangazwa, watu wakawa bado wanacheka ndevu namba ikipita. Nikauhamishia juu, kwenye kumenya vitunguu. Kabla ya mstari mzito weka sentensi kavu, hata ya kuhesabu sahani.

Ukisahihisha, yasake maneno kama "cha ajabu," "bila aibu," alama za mshangao, na "eti." Naipenda sana "eti," lakini mdomoni mwa msimulizi ni kidole kinachomwonyesha msomaji pa kucheka. Waachie wahusika.

Sasa hadithi yangu inaishia kwenye daftari. Mweka hazina anapiga mstari, anaandika salio: 32,000. (Nilijizuia sana nisiweke 30,000 kamili, ingenuka ufundi.) Anawauliza wajumbe zifanyiwe nini. Wanafikiri kidogo, kisha mmoja anasema ziagizwe soda, kamati imechoka.