Somo: Kuingiza uthibitisho wa kihisabati ndani ya sprinti

Wengi hudhani kwamba mbinu rasmi, yaani kueleza mfumo kihisabati na kuthibitisha sifa zake, haziwezi kukaa pamoja na mbinu za ajaili, yaani kujenga programu kidogo kidogo katika vipindi vifupi viitwavyo sprinti, kwa kuwa za kwanza hutaka mambo yajulikane mapema ilhali za pili hukaribisha mabadiliko. Ugomvi huo huisha tukikubali kuthibitisha sehemu ndogo tu. Wahandisi wa Amazon, walioanza mwaka 2011 kutumia TLA+, lugha ya kueleza mifumo kihisabati iliyobuniwa na mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport, waligundua katika hifadhidata yao ya DynamoDB kosa ambalo mfuatano mfupi kabisa wa kulifikia ulikuwa na hatua 35.

Hatua ya 1. Chagueni kazi moja ambayo kosa lake ni ghali, kwa mfano kutuma pesa kwa simu. Skrini na ripoti ziachieni majaribio ya kawaida.

Hatua ya 2. Andikeni kwa TLA+ modeli ya kazi hiyo, yaani hali (masalio na ujumbe ulio njiani) na matendo: kutuma, kupokea, jibu kupotea, kutuma tena.

Hatua ya 3. Andikeni masharti ya kudumu, na hapa msiharakishe. La kwanza kuwajia litakuwa kwamba jumla ya pesa haibadiliki. Ni kweli, lakini halitoshi: ombi likitekelezwa mara mbili, mtumaji hukatwa mara mbili, mpokeaji huongezewa mara mbili, na jumla hubaki ileile. Ongezeni kwamba kila ombi, kwa namba yake, hutekelezwa mara moja tu au halitekelezwi kabisa.

Hatua ya 4. Endesheni TLC, programu inayopitia kila hali inayofikika katika modeli. Sharti likivunjwa, itawaonyesha mfuatano wa matendo uliosababisha. Ugeuzeni kuwa jaribio la kiotomatiki.

Hatua ya 5. Mahitaji yakibadilika, badilisheni modeli kabla ya msimbo.

Maswali ya wanachama wa timu

*Kwa nini tusiweke watumiaji elfu moja katika modeli?*
Idadi ya hali hupanda kupita kiasi na TLC haitamaliza. Anzeni na watumiaji wawili na maombi mawili. Makosa mengi ya mpangilio hujitokeza hapo hapo.

*Modeli ikipita, msimbo ni salama?*
Hapana, kwani TLC hukagua usanifu, si msimbo. Programu za usalama za treni zisizo na dereva za njia ya 14 ya metro ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1998, zilithibitishwa kwa mbinu rasmi nyingine, iitwayo mbinu ya B, hadi kufikia msimbo wenyewe, lakini gharama ya kazi hiyo haiingii katika sprinti ya wiki mbili.