Kesi ya siasa au kesi kweli? Isome hivi kabla hujaanza kubishana

Akikamatwa mwanasiasa tu, hapo hapo tunagawanyika, wa kwake wanasema anaonewa, wengine wanasema sheria ifuate mkondo wake, na ukiuliza nani kasoma hati ya mashtaka kimyaa. Mi nilichoka, siku hizi naenda hivi.

Anza na hati yenyewe, jina la mshtakiwa liweke pembeni kwanza. Angalia kosa linadaiwa kufanyika lini na kesi imefunguliwa lini. Kosa la miaka sita nyuma limelala kabatini alafu linaamka wiki mbili baada ya jamaa kuhama chama, lazima uulize jalada lilikuwa wapi muda wote huo. Ila taratibu, kesi za pesa zinachukua miaka kweli, kupata rekodi za benki za nje sio kazi ya siku mbili. Soma na maelezo ya kosa pia, ukikuta anashtakiwa kwa uchochezi na hati haisemi alitamka maneno gani, wapi, kwa nani, kaa macho.

Pili, nani kaamua? Sio nani kakamata. Polisi anapeleleza, mwendesha mashtaka ndo anaamua iende mahakamani au isiende, na sehemu nyingi anatakiwa apime mawili: ushahidi unatosha? na kuna maslahi ya umma? Simu ya mheshimiwa haimo kabisa. Marekani mwaka 2006 David Iglesias, mwendesha mashtaka wa serikali kuu kule New Mexico, alipigiwa simu na seneta wa chama chake mwenyewe akiulizwa kama mashtaka dhidi ya watu wa chama pinzani yatatoka kabla ya uchaguzi wa Novemba, akasema hapana, simu ikakatwa. Desemba akawa kwenye orodha ya wenzake walioambiwa wajiuzulu. Ona hapo hakuna aliyemwambia "mshtaki fulani", kaulizwa tarehe tu, ndivo presha inavyokuja.

Alafu kuna kosa tunalifanya sana, kwamba huyu kateuliwa na rais basi ni chawa wake. Karibu kila nchi kuna mkono wa wanasiasa kwenye uteuzi, mi naangalia zaidi anaondolewaje. Kenya kwa mfano, ibara ya 157 ya katiba ya 2010 inampa DPP (mkurugenzi wa mashtaka ya umma) miaka 8, harudii tena, na hahitaji ruhusa ya mtu yeyote kufungua kesi. Linganisha na rais Nixon wa Marekani Oktoba 1973, alitaka Archibald Cox, mwendesha mashtaka maalum wa kashfa ya Watergate, afukuzwe kwa sababu anang'ang'ania apewe kanda za sauti za Ikulu, Mwanasheria Mkuu akakataa akajiuzulu, naibu wake nae akagoma, wa tatu ndo akatekeleza. Sheria nzuri inasaidia ila mwisho wa siku kuna mtu kakaa kwenye kiti na anaweza kusema sitaki.

Sasa sehemu ambayo karibu wote tunairuka, kesi zinazofutwa. Kufungua kesi kuna kelele, kufuta kunafanyika asubuhi moja kimya kimya, "upande wa mashtaka hauna nia ya kuendelea", kwisha habari. Ukiona hivo uliza sababu imetolewa? Shahidi kafa, kageuka, au mshtakiwa kahamia chama tawala mwezi uliopita? Kenya DPP hawezi kuiondoa bila ruhusa ya mahakama, na mi naona hicho kifungu ni dhahabu. Uingereza 1924 serikali ya waziri mkuu MacDonald ilifuta kesi ya mhariri wa gazeti la kikomunisti, J. R. Campbell, bunge likahisi ni siasa, Oktoba ikapigwa kura serikali ikashindwa na uchaguzi ukaitishwa mwezi huo huo. Kisa kesi iliyofutwa!

Mwisho tafuta mwenzake. Kama kashtakiwa kwa zabuni, nani mwingine alisaini hiyo zabuni na yuko wapi leo? Akiwa yupo ofisini anakunywa chai, una swali la maana la kuuliza. Na mtu wako akiachiwa huru usishangilie kwamba imethibitika alionewa, mahakama inaweza kumwachia kwa sababu shahidi mmoja tu hakutokea.