Somo: Barua ya kuulizia taarifa za safari

Ofisi hujibu haraka inapokuta ndani ya barua kila inachohitaji kukupigia hesabu. Ukiandika "tunaomba taarifa za utalii" basi, utarudishiwa swali: mko wangapi?

Tuseme kampuni ya Dar es Salaam inapeleka wafanyakazi Hifadhi ya Taifa ya Mikumi.

1. Juu kulia: jina la kampuni, S.L.P., simu, baruapepe, tarehe. Karatasi ikiwa na nembo, ongeza tarehe na kumbukumbu namba tu.

2. Kushoto: Mkuu wa Hifadhi, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Andika cheo, maana watu huhamishwa.

3. "Ndugu," kisha YAH: MAOMBI YA TAARIFA ZA ZIARA YA WAFANYAKAZI.

4. Kiini. Hapa tulia. Viingilio hutofautiana kwa uraia, umri na gari, kwa hiyo yaseme yote:

"Tutakuwa watu 28: Watanzania 24, wakiwemo watoto 3 walio chini ya miaka 5, Wakenya 2, na Wahindi 2 wenye kibali cha ukaazi. Tutaingia Ijumaa asubuhi na kutoka Jumamosi mchana, kwa Coaster moja iliyosajiliwa Tanzania. Tunaomba kujua:
(a) jumla ya viingilio vya watu na gari;
(b) malazi yaliyopo na bei zake;
(c) namna ya kulipa."

Tarehe kamili za kuingia na kutoka usizisahau. Maswali yakiwa na herufi, Mkuu wa Hifadhi naye atajibu kwa herufi.

5. Taja siku unayohitaji jibu na sababu yake: "kabla ya kikao cha bajeti." Halafu "Wako mwaminifu," sahihi, jina, cheo, muhuri.

MASWALI

Mwalimu, Mikumi si tunapita kila siku na basi? Kiingilio cha nini?
– Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza hifadhi, ndugu yangu. Kupita ni safari tu. Kiingilio ni pale mnapoingia langoni kuzunguka kuangalia wanyama.

Naweza kuomba punguzo humo humo?
– Omba bei kwanza. Ukishaiona, andika barua ya pili.

Nikituma kwa baruapepe je?
– Ambatanisha barua yenye sahihi, dada, na kwenye mada weka maneno yale yale ya YAH. Usiache mada wazi, itapotea kati ya nyingine.