Ulihama NHS ukaenda kaunsili? Nyongeza ya pensheni usiihesabu mara mbili

Hii ni kwa watu wetu wa Mombasa wenye pensheni za Uingereza, manesi hasa, maana nashikwa kila mahali, juzi ni kwa foleni ya feri Likoni, swali lile lile: nlianza NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza) halafu nkahamia kaunsili (serikali ya mtaa), nyongeza yangu ya kila mwaka ya kufidia kupanda kwa bei inaanzia wapi? Mahesabu haya nimeyafanya kazini miaka mingi na mimi mwenyewe nlishayakosea, nkampa mzee wa watu nyongeza mara mbili ikabidi tumwandikie arudishe hela. Ile aibu sijaisahau.

Hatua ya kwanza, kalkuleta weka kando. Tafuta barua uone je pensheni ya zamani ilihamishwa kweli au iliachwa kule kule. Kuhama kazi si kuhamisha pensheni, mama, lazima uombe, na kwa mpango wa Transfer Club (makubaliano ya skimu za pensheni za umma kuhamishiana pensheni) unaomba ndani ya miezi 12 tangu uingie skimu mpya, yani mpango mpya wa pensheni, na uwe hukukaa nje zaidi ya miaka 5. Kama iliachwa basi una pensheni mbili na kila moja ina nyongeza yake, rahisi tu.

Hatua ya pili, kama ilihama, igawe. Kuna sehemu ya mshahara wa mwisho (ile ya zamani, inayopimwa kwa mshahara unaoondoka nao) na kuna sehemu ya wastani wa mshahara wa miaka ya kazi, kwa NHS ilianza 2015.

Ya mshahara wa mwisho, ikihama kwa Transfer Club inafuata mshahara wako mpya. Kwa hivyo ile miaka ulokuwa kaunsili usiiwekee nyongeza ya bei, mshahara ushafanya kazi hiyo. Hapa ndo nlipoteleza mimi. Tarehe ya kuanzia nyongeza ni ya kutoka kaunsili, ile ya kutoka NHS ifute kabisa.

Ya wastani ndo tamu. Ukiwa bado mchangiaji kule kaunsili, kile kipande kilichotoka NHS kinaendelea kupanda kwa kipimo cha NHS, yani CPI (kipimo cha Uingereza cha kupanda kwa bei) na asilimia 1.5 juu, japo wenzako wa kaunsili wanapata CPI peke yake. Chukua pauni 1,000 zilizokuwepo Aprili 2023. Aprili 2024 CPI iliyotumika ilikuwa asilimia 6.7, jumlisha 1.5 ni 8.2, zinakuwa 1,082. Aprili 2025 ni 1.7 na 1.5, yani 3.2, unafika 1,116.62. Mwenzio alotoka mapema akaziacha NHS bila kuchangia popote, yeye ana 1,067 halafu 1,085.14. Lakini siku ukiacha kazi kaunsili ile 1.5 inakatika, inabaki CPI.

Hatua ya tatu, mwaka wa kwanza, kwa ile sehemu ya mshahara wa mwisho. Nyongeza hugawanywa kwa miezi. Pensheni ikianza tarehe 8 Oktoba 2023, mpaka 8 Aprili 2024 ni miezi 6, basi 6.7 gawa 12 zidisha 6, unapata 3.35. Watu wanaona hiyo 3.35 wanasema wameibiwa, hamjaibiwa jamani. Hesabu hii msiibebe mkaitia kwenye sehemu ya wastani, kule skimu zina taratibu zake.

Hatua ya nne, angalia umri. Chini ya miaka 55 nyongeza hailipwi, isipokuwa ulostaafu kwa ugonjwa, lakini haipotei, ukifika 55 inaletwa yote kwenye kiwango.

Na hili la kukaa huku Mombasa: pensheni ya NHS au kaunsili inapanda hata ukiwa Kenya. Isopanda ni ile ya serikali ya uzeeni, ukiishi Kenya inaganda pale pale ilipokuwa ulipohamia, au ilipoanza kulipwa ukiwa tayari huku. Bibi mmoja wa Tudor alikuja na barua mbili akilia kaunsili imemsahau, kumbe alikuwa anasoma ile ilioganda.