Cheni ya baiskeli ya milimani: ipime mapema, iunge vizuri, isikukatikie kilimani

Wateja wengi wanaoniletea baiskeli hapa Moshi huanza hivi: "Fundi, cheni imevutika." Cheni haivutiki. Kinacholika ni pini, pamoja na matundu zinamozungukia. Fungua pingili moja ya cheni iliyochoka, toa pini yake, ipitishe ukucha taratibu. Utagusa kijiukingo, kama pale kamba ilipokula mdomo wa kisima. Mliko wa kila pini ni mdogo, kiasi cha unene wa unywele tu, lakini cheni ya baiskeli hizi ina pingili zaidi ya 110. Jumlisha nywele hizo zote, ndipo unapoona cheni "imerefuka".

Hatua ya 1: Pima kwa futi

Chukua futi ya kuvuta ya fundi seremala, yenye inchi. Usianzie kwenye ndoano yake, maana ile huchezacheza. Anzia kwenye inchi 1. Kaza cheni kwa kukandamiza pedali kwa mkono, weka alama ya inchi 1 katikati ya pini, halafu nenda ukasome kwenye inchi 13. Pingili moja ni nusu inchi, kwa hiyo pingili 24 za cheni mpya ni inchi 12 kamili, na pini itakaa juu ya mstari wa 13 barabara.

Pini ikivuka mstari kwa 1/16 ya inchi, karibu milimita 1.6, cheni ya gia 11 au 12 za nyuma imemaliza kazi. Ya gia 8 hadi 10 ivumilie mpaka kama milimita 2.3. Ikifika 1/8 ya inchi, ujue imeshakula na kaseti, yaani lile rundo la sproketi (magurudumu ya meno) la nyuma: utafunga cheni mpya, nayo itaruka meno kila ukikanyaga kwa nguvu, kwa sababu meno yameshalika kufuata cheni ya zamani. Hapa ndipo watu wanapoumia mfukoni. Cheni ni rahisi kuliko kaseti, na aliyebadilisha cheni kwa wakati hutumia kaseti ileile kwa cheni mbili, hata tatu.

Kilomita ngapi, basi? Kwa wanaopanda Machame na Kibosho na kufuta cheni kila wakirudi, naona 1,500 hadi 2,500. Wakati wa masika, kwa mtu anayeiacha na tope mpaka asubuhi, nimewahi kupima cheni iliyokwisha kabla ya kilomita 800. Ndiyo maana nasema pima, usihesabu miezi.

Kuna swali naulizwa sana: mbona Phoenix ya babu inabeba mikungu ya ndizi miaka na miaka kwa cheni ileile? Cheni yake ni pana, inakwenda mstari mmoja, haisukumwi upande kubadili gia, na meno yake ni manene. Cheni ya gia 12 ina upana wa milimita 5 na kidogo tu, na kila siku inalazimishwa kupinda.

Hatua ya 2: Osha, tia oili, futa

Brashi na mafuta ya taa, kisha iache ikauke kabisa. Tia tone moja juu ya kila rola, yaani kile kibomba kidogo kinachozunguka kwenye pini, zungusha pedali kinyumenyume kwa dakika moja, subiri kidogo, halafu futa nje kwa tambara mpaka vidole visichafuke. Oili inafanya kazi ndani ya rola; iliyobaki nje inakamata vumbi, na vumbi letu la kiangazi likichanganyika na oili linakuwa msasa. Kwa sababu hiyohiyo, nakuomba uache oili chafu ya gari. Imeshabeba chembe za chuma kutoka kwenye injini.

Hatua ya 3: Tafuta pingili inayotaka kukatika

Cheni hukatika mara chache sana kwa kuvutwa moja kwa moja. Kinachotokea ni kibamba cha nje (kile kipande bapa cha ubavuni mwa pingili) kuchomoka kwenye kichwa cha pini, kwa kusukumwa kutoka ubavuni. Zungusha pedali nyuma polepole, macho yako kwenye mkono wa gia wa nyuma, ule wenye vigurudumu viwili unaohamisha na kukaza cheni. Pingili ngumu itaruka kidogo ikipita pale. Tazama pia kibamba kilichopinda nje na pini iliyochomoza upande mmoja kuliko wenzake. Ukiona mojawapo, usipande kilima na baiskeli hiyo.

Hatua ya 4: Unga inavyotakiwa

Hapa nina jambo langu. Miaka ya mwanzo nilikata cheni ya gia 11 ya kijana mmoja, nikairudisha pini ileile niliyoisukuma, kama tulivyozoea kwenye baiskeli za kawaida. Siku ya tatu ilimkatikia akiwa amesimama juu ya pedali, akaangukia kifua kwenye usukani. Alipona, lakini nilipookota ile pingili nilielewa: kichwa cha pini hizi hupondwa kiwandani ili kishike kibamba, na ukisukuma pini nje, tundu linakwangua kile kichwa. Ukiirudisha, inakaa kwa kusuguana tu.

Kwa hiyo tumia loki ya cheni, yaani pingili ya kuungia inayofungwa bila kusukuma pini, tena ya idadi ya gia ileile. Loki za gia 11 na 12 za Shimano na SRAM ni za kutumia mara moja. Ukiifungua, weka nyingine. Ifunge ikiwa upande wa juu, shika breki ya nyuma, kanyaga pedali mpaka usikie inalia "ta!"

Kabla ya kukata, pata urefu: zungusha cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia, kisha ongeza pingili mbili. Kama baiskeli ina springi nyuma, pima ikiwa imebonyea. Cheni fupi itang'oa mkono wa gia.

Hatua ya 5: Badili gia kabla ya kilima

Mwinuko ukiuona, badili hapo hapo. Ukichelewa, legeza mguu nusu mzunguko, bonyeza gia, iache ikae, ndipo ukanyage. Kubadili huku unasukuma kwa uzito wote ndiko kunakong'oa vibamba.

Hatua ya 6: Ikikukatikia njiani

Beba loki mbili na kifaa kidogo cha kusukumia pini. Toa pingili yote iliyoharibika ili kila upande ubaki na kibamba cha ndani, unga kwa loki. Ukitoa pingili moja ya nje tu, loki inachukua nafasi yake; ukitoa zaidi, cheni sasa ni fupi, basi mpaka ufike nyumbani usiweke sproketi kubwa mbele na kubwa nyuma kwa pamoja. Kama mbele iko moja tu, usiitumie ile kubwa ya nyuma, na kilima kikikushinda shuka usukume.