Namna ya Kupima Utendaji wa Mfuko wa Hatifungani za Kampuni

Anayefungua taarifa ya mfuko wa hatifungani za kampuni, yaani mfuko unaokusanya fedha za wawekezaji na kuzikopesha kampuni, kwa kawaida huanza na gawio, na hapo ndipo wengi hupotoshwa. Kinachopaswa kupimwa ni faida jumla, yaani gawio lililolipwa pamoja na badiliko la thamani ya kipande (sehemu ya mfuko anayonunua mwekezaji). Mfuko ukilipa dola 6 kwa kipande kilichoanza mwaka kikiwa na thamani ya dola 100 na kuumaliza kikiwa na dola 92, mwekezaji amepoteza dola 2, hata kama malipo yaliingia kila mwezi bila kukosa.

Hatua inayofuata, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi, ni kutafuta chanzo cha faida au hasara hiyo. Tazama kwanza dyuresheni, kipimo cha unyeti wa bei kwa mabadiliko ya riba: ikiwa ni 8, riba za soko zikipanda kwa pointi 1 ya asilimia, bei hushuka kwa takriban asilimia 8. Kisha tazama madaraja ya ukopaji, yaani alama za uwezo wa kampuni zilizomo kulipa madeni, kwani daraja la chini ya BBB-, alama ya mwisho ya daraja la juu, hulipa riba kubwa kwa sababu uwezekano wa kushindwa kulipa nao ni mkubwa.

Soko la Marekani linaonyesha vizuri jinsi hatari hizi mbili, ya riba na ya kushindwa kulipa, zinavyotofautiana. Mwaka 2008, mikopo ilipokauka, hatifungani za daraja la chini zilipoteza takriban asilimia 26, ilhali zile za daraja la juu zilipoteza kama asilimia 5. Mwaka 2022, Benki Kuu ilipopandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 4, mambo yaligeuka: za daraja la juu, ambazo kwa kawaida huwa na dyuresheni ndefu, zilishuka kwa zaidi ya asilimia 15, na za daraja la chini kwa takriban 11. Aliyedhani daraja la juu ni kinga ya kila kitu alishangaa.

Kwa hiyo linganisha mfuko na fahirisi, yaani kipimo cha mwenendo wa kundi la hatifungani sokoni, yenye dyuresheni na madaraja yanayokaribiana nao, tena baada ya kuondoa ada. Meneja anayeishinda fahirisi ya daraja la juu kwa kujaza hatifungani dhaifu hajaonyesha ustadi. Ameongeza hatari tu. Kuhusu ada, LQD, mfuko wa Marekani unaofuata fahirisi ya hatifungani za kampuni za daraja la juu, hutoza asilimia 0.14 kwa mwaka, hivyo meneja anayetoza asilimia 1 huanza mwaka akiwa nyuma kwa asilimia 0.86.