Kuchambua shairi la mtihani: kutoka kusoma hadi aya ya jibu

Somo hili ni la kidato cha tatu na cha nne. Wengi huanza kuwinda tamathali za semi (maneno ya picha) kabla hawajajua shairi linasema nini, na hapo ndipo wanapopotea. Tutumie ubeti huu uliotungwa kwa ajili ya zoezi. Walioko Moshi hawahitaji kuelezwa mnada wa kahawa ni nini.

Mkulima mgombani, kahawa aliichuma,
Akaibeba begani, mgongo ukamuuma,
Ikafika mnadani, bei ikarudi nyuma,
Kikombe kipo mezani, mwenye shamba amekwama.

Hatua ya 1. Soma mara mbili bila kuandika kitu. Nyumbani soma kwa sauti. Kwenye chumba cha mtihani chezesha midomo tu.

Hatua ya 2. Eleza kila mshororo (mstari wa shairi) kwa lugha ya kawaida, sentensi moja moja: alichuma kahawa, akaibeba hadi mgongo ukauma, ilipofika mnadani bei ikashuka, wengine wanakunywa, yeye amekwama. Hatua hii inaonekana ya kitoto ndiyo maana inarukwa, nayo ndiyo inayookoa jibu zima. Mshororo usioeleweka uwekee alama ya kuuliza, endelea. Shairi likiwa na kibwagizo, yaani mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, mara nyingi huufumbua.

Hatua ya 3. Pima umbo. Mishororo 4 kwa ubeti, basi ni tarbia. Mizani (silabi) 8 kila kipande, yaani nusu ya mshororo, jumla 16. Vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande: vya kati ni "ni", vya mwisho "ma". Makosa hutokea kwenye kuhesabu: "mgombani" ina mizani 4 (m-go-mba-ni), maana hiyo m hutamkwa peke yake, "mwenye" ina 2 tu (mwe-nye). "Ukamuuma" ina 5. Anayeziunganisha u mbili hupata 4, halafu anaandika kwamba mshairi kakosea.

Hatua ya 4. Sasa tamathali. "Bei ikarudi nyuma" ni tashihisi: bei imepewa mwendo wa kiumbe. "Mgongo ukamuuma" si tamathali, mgongo huuma kweli. Kikombe ni ishara ya wanaofaidi jasho la mwingine. Mbili zilizoelezwa kazi yake zinatosha kuliko sita zilizotajwa majina.

Hatua ya 5. Tenganisha dhamira na ujumbe. Dhamira ni jambo linalozungumzwa: unyonyaji wa mkulima. Ujumbe ni funzo, na huandikwa kwa sentensi kamili: mkulima anastahili bei inayolingana na jasho lake.

Hatua ya 6. Andika aya: hoja, nukuu, maelezo, kisha uhusiano na maisha ya jamii. Swali likitaka hoja tatu kwa kila diwani (kitabu cha mashairi), ya nne ni kupoteza muda.

Maswali ya wanafunzi na wazazi

Kutoka Majengo, Moshi: Shikamoo mwalimu. Muundo na mtindo vinanichanganya.

Jibu: Marahaba. Muundo ni jinsi shairi lilivyojengwa: idadi ya beti na mishororo, yaani tathlitha (mishororo 3 kwa ubeti), tarbia (4), takhmisa (5). Mtindo ni namna mshairi alivyochagua kusema: kimapokeo (kwa vina na mizani) au kisasa, masimulizi au majibizano. Ukiandika "muundo wa kimapokeo" umevichanganya.

Kutoka Sakina, Arusha: Shairi lisilo na vina wala mizani, muundo wake nauelezaje?

Jibu: Kamwe usiandike "halina muundo". Hesabu beti, taja kama zinalingana, kisha tazama mishororo inapokatwa. Mshororo wa neno moja katikati ya mirefu umewekwa hapo kwa makusudi. Sema neno hilo linasisitiza nini.

Kutoka Kiboriloni: Mwalimu, nikisahau mshororo nusu, niache nukuu?

Jibu: Nukuu kipande unachokikumbuka kwa uhakika, hata maneno mawili. Yaliyobaki eleza kwa maneno yako, nje ya alama za mtajo. Kujaza pengo kwa kubuni ni hatari, hasa kwenye shairi la kimapokeo: mizani ikizidi, msahihishaji anaona papo hapo kwamba mshororo si wa mshairi.

Kutoka Njiro: Mwanangu anakariri uchambuzi wa daftari la mwenzake. Inatosha?

Jibu: Mzazi, itamfaa swali likija vilevile tu. Mpe ubeti asioujua, mara moja kwa wiki, aanze hatua ya 2 bila daftari.